Mashindano yangu ya kwanza bila suti: nalenga jumla ya kilo 560. Ndoto au inawezekana?

Kifua Wazi
Wakuu habari za jioni.

Naenda kwenye mada moja kwa moja. Nimejiandikisha mashindano ya pawalifti, yale ya bila suti (ile nguo nzito ya kubana inayomsaidia mtu kunyanyua): unaruhusiwa mkanda wa kiuno, soksi za magoti (zile za kubana goti tu) na bandeji za kifundo cha mkono, basi. Zimebaki wiki kumi. Napiga chuma mwaka wa tatu sasa, gym ya mtaani kwetu Mbagala, ila jukwaani sijawahi kupanda.

Uzito wangu ni kilo 84.5. Kwa sasa niko hivi:

Skwoti (kuchuchumaa na chuma mabegani) 170 mara tatu.
Benchi (kusukuma chuma umelala chali) 110 mara mbili.
Dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) 200 mara moja, nikifunga kamba za mkononi, maana mgongo unataka ila mshiko unaniangusha.

Ninachokitaka siku ya siku ni 200, 125 na 235. Jumla 560. Hesabu yangu ni nyepesi: kilo 2.5 kila wiki kwa wiki kumi ni kilo 25, kwa hiyo skwoti inatosha na chenji inabaki. Dedilifti nitalazimisha kidogo.

Kocha wa gym yetu kaniambia "we komaa tu". Nataka maoni ya waliowahi kusimama mbele ya marefa. Karibuni.

Ngoja Waje
Siti ya mbele kabisa. Ngoja waje wenye vifua vyao.

Simba wa Tizi
Mkuu, wewe lenga 600 kabisa. Mtu mwenye lengo dogo anapata kidogo. Jesus Olivares, yule Mmarekani, kwenye mashindano ya Sheffield kule Uingereza 2023 alipiga skwoti 470, benchi 272.5, dedilifti 410, jumla 1152.5. Unadhani alikaa chini akasema "niwe mpole"? Wabongo tunajishusha wenyewe kabla hata ya kushindana.

Mzee Refa
Kijana, hongera kwa kujiandikisha. Wengi huishia kuuliza. Nimekaa kwenye kiti cha refa vya kutosha, kwa hiyo nitakuuliza maswali ya refa kabla sijasema lolote kuhusu 560.

Skwoti: hizo mara tatu, mkunjo wa nyonga unashuka chini ya kilele cha goti? Sijauliza kama unahisi umeshuka. Kila mtu anahisi ameshuka. Weka simu pembeni yako, usawa wa nyonga, si mbele wala kwa juu, urekodi.

Benchi: chuma kinatulia kifuani au kinadunda? Jukwaani utasubiri "Start", utashusha, utatulia mpaka usikie "Press", na hutarudisha chuma mpaka usikie "Rack". Halafu tangu 2023, kwa sheria za shirikisho la kimataifa la pawalifti, IPF, sehemu ya chini ya viwiko vyote viwili lazima ifike usawa wa juu ya bega au chini yake. Wenye tabia ya kutandaza mikono na kukunja mgongo kama daraja iliwauma.

Dedilifti: kamba za mkononi haziruhusiwi. Kwa hiyo hiyo 200 haipo. Sisemi huna nguvu hizo, nasema kwenye karatasi ya mashindano haipo.

Na la mwisho, vyuma vya gym yenu vina kilo zinazoandikwa?

Kifua Wazi
Shikamoo mzee. Maswali mazito haya.

Skwoti sijawahi kujirekodi kwa pembeni. Benchi nagusa na kusukuma. Kamba nilikuwa sijui kama ni marufuku, nashukuru. Vyuma vimeandikwa 20, 15, 10, vipo vya kutoka China na viwili vitatu alivichonga fundi wa kuchomelea. Nadhani viko sawa tu.

Nyali Nondo
"Nadhani viko sawa tu" 😂😂

Ndugu yangu, hapa Mombasa nimeanzia kwenye gym ya makopo ya rangi yaliyojazwa zege, bomba katikati. Kopo moja lilikuwa la kilo ngapi Mungu ndiye ajuaye. Nilipohamia gym yenye vyuma vya maana nikakuta vimeandikwa 45, watu wanavihesabu kama 20 kwa sababu ndivyo walivyosikia. Ile 45 ni ratili, yaani paundi, na ratili 45 ni kilo 20.4. Ukipanga vinne kila upande ushazidisha kilo tatu na ushee. Na kwengine ni kinyume, wapunguziwa.

Chukua mizani. Mwenye duka la nafaka ana mizani. Pima kimoja kimoja, andika kwa chaki.

Kifua Wazi
Wakuu nimerudi na mrejesho, na sijui nicheke au nilie.

Mangi wa dukani kwetu kaniazima mizani yake ya digitali anayopimia mchele wa jumla. Tumeipeleka gym jioni, vijana wote wakaacha mazoezi wakaja kuzunguka. Chuma chenyewe, ile fimbo ya katikati ambayo wote tunaihesabu 20, ni kilo 17.3. Vile sita vya 20 ninavyopangia skwoti vimetoka hivi: 19.1, 18.6, 20.2, 19.4, 18.8, 20.1. Viwili vya 15 ni 14.3 na 14.7. Kile cha 18.6 kimemeguka ukingoni, kuna mtu alikiangusha kwenye sakafu ya saruji.

Kwa hiyo skwoti ninayoiita 170 ni kilo 162.5 kamili. Jamaa mmoja ambaye mwezi uliopita alinunulia watu soda kwa kufikisha benchi 100 kaondoka bila kuaga.

Nimejirekodi kwa pembeni pia. Kati ya zile mara tatu, ya kwanza imeshuka, ya pili ni ya kubishaniwa, ya tatu refa angewasha taa nyekundu ya kukataa akiwa bado anakunywa chai.

Nimeanza upya kwa kilo za mizani na rafiki yangu akinitolea amri. Matokeo: skwoti 160 mara mbili safi. Benchi 105 mara moja, chuma kimetulia, nimekoma. Dedilifti bila kamba 190, vidole vilianza kufunguka karibu na kufuli ya juu, pale unaposimama wima.

Ngoja Waje
Mangi mwenyewe hajui kama kavunja ndoto za watu.

Mzee Refa
Marahaba. Sasa tunaweza kuongea, kwa sababu tuna namba. Nakuandikia kwa kirefu na wengine wasome.

Kuna njia mbili za kukadiria unachoweza kupiga mara moja kutokana na unachopiga mara kadhaa. Ya Epley: zidisha uzito kwa idadi ya mara, gawa kwa 30, jumlisha na uzito uleule. Skwoti yako ya 160 mara mbili inakupa kama 170. Ya Brzycki: zidisha uzito kwa 36, gawa kwa 37 ukishatoa idadi ya mara. Inakupa kama 165. Mimi kwa mtu asiyewahi kushindana huchukua ya chini. Kwa hiyo leo skwoti yako ni 165, benchi 105, dedilifti 190. Jumla 460. Hapo ndipo unapoanzia, na 560 iko mbali kwa kilo mia.

Tuje kwenye ile hesabu ya 2.5 kila wiki. Mwaka una wiki 52. Kwa hesabu hiyo mtu angeongeza kilo 130 kwa mwaka kwenye skwoti peke yake, na Mbagala nzima ingejaa watu wa skwoti 400. Mwanzoni kabisa mwili unakubali nyongeza hiyo, wewe uko mwaka wa tatu. Halafu wiki kumi si wiki kumi za kujenga. Wiki ya mwisho ni ya kupumzika, ile ya kabla yake unapunguza kazi. Unabaki na kama nane.

Katika wiki nane hizo sehemu kubwa ya utakachopata si misuli mipya. Ni kuzoea amri, kuzoea kutulia kifuani, kushika chuma bila kamba, kushuka kina kilekile kila mara. Kwa mtu ambaye hajawahi kufanya hivyo vitu, hapo kuna kilo nyingi kuliko anavyodhani.

Sasa upangaji. Unapewa majaribio tisa, matatu kwa kila aina, na kinachohesabiwa ni kilicho bora katika kila aina. Ukikosa yote matatu ya skwoti, umetoka na huna jumla, hata kama dedilifti yako inatisha. Na uzito haushuki kutoka jaribio moja hadi linalofuata. Ukikosa, unarudia uleule au unapanda.

Kwa sababu hiyo jaribio la kwanza liwe uzito unaoweza kuupiga mara tatu siku ambayo hujalala vizuri na umepanda daladala umesimama. Jaribio la pili liwe kitu ulichokwisha kukifanya mazoezini, au karibu sana nacho. La tatu ndilo la kutafuta rekodi yako. Mimi ningekuandikia hivi kwa penseli:

Skwoti 152.5, 165, 175.
Benchi 97.5, 105, 110.
Dedilifti 180, 195, 205.

Ukipata ya kwanza zote una 430 na uko kwenye mashindano. Ya pili zote, 465, tayari umepita ulipo leo. Ya tatu zote, 490. Lengo lako liwe 490, na nikisikia umemaliza na 475 kwa majaribio manane mazuri kati ya tisa nitakununulia soda, na ya kwangu haitahitaji mizani.

Simba wa Tizi
Mzee kwa heshima zote, 490 ni ya kumvunja moyo mtoto. Jukwaani kuna mzuka, kuna watu wanashangilia, kuna muziki. Mtu anapiga kitu ambacho gym hajawahi kukigusa. Mimi nimeshaona.

Bi Chuma
Simba, hata mimi nimeona. Pia nimeona mzuka huohuo ukimfanya mtu ashuke skwoti kabla refa hajasema "Squat", taa nyekundu tatu, na uzito ulikuwa mwepesi kwake. Mzuka unasaidia jaribio la tatu. La kwanza unaliharibu.

Mimi niko Nairobi, natoka uzani wa kilo 57, na nina neno kwa akina dada wanaosoma huu uzi kimyakimya. Hizi asilimia mnazosoma, fungua na 91, ya pili 96, ya tatu 101, zimeandikwa na wanaume wa skwoti 250. Nyongeza ndogo jukwaani ni kilo 2.5, ukiacha anayejaribu rekodi rasmi. Kama benchi yako ni 45, hiyo 2.5 ni zaidi ya asilimia tano. Kwa mwanamume wa benchi 150 haifiki hata mbili. Kwa hiyo benchi yangu mimi hupanga 40, 42.5, 45, na hiyo ya mwisho ni vita. Usinakili karatasi ya kaka yako.

Na Kifua, kuhusu kutulia kifuani: tafuta video za Hellen Wawira Kariuki, Mkenya aliyeleta shaba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham 2022. Yeye ni pawalifti ya wenye ulemavu, ambako mashindano ni benchi peke yake, na marefa wanakaba kwelikweli. Angalia chuma kinavyosimama kabisa kabla hakijapanda. Hivyo ndivyo "kutulia" kunavyofanana, si hiyo nusu sekunde yetu ya gym.

Simba wa Tizi
Bi Chuma nimekuelewa kwa la kwanza. Ila kwa la tatu bado nasema aache nafasi ya kupaa. Kwa nini aandike 205 leo wakati hajui atakavyojisikia?

Mzee Refa
Hapo Simba umesema la maana, na ndiyo maana nimesema penseli. La tatu huamuliwa na la pili. Dedilifti 195 ikipanda bila kusita, nenda 207.5 hata 210. Ikikwama magotini ikapanda kwa kukokotwa, chukua 200 uende nyumbani. Kilo tano zilizoingia ni bora kuliko kumi na tano zilizobaki sakafuni.

Ila ukumbuke muda. Ukimaliza kunyanyua una dakika moja ya kutaja uzito unaofuata. Usipotaja, kwa sheria za IPF, ukiwa umefaulu unaongezewa 2.5, ukiwa umekosa unabaki na uleule. Nimeona kijana anahema, anapiga picha na shemeji zake, dakika ikapita, akaletewa 2.5 zaidi wakati alitaka kumi. Uwe na mtu wako mezani, mwenye karatasi, ambaye hashangilii.

Dedilifti ya tatu ina upendeleo wake: unaweza kuibadilisha mara mbili kabla hujaitwa. Hapo ndipo watu huchezeana akili kugombea medali. Wewe mara hii hugombei na mtu, kwa hiyo usiingie huko.

Mgeni wa Muscat
Assalaam alaykum wakuu. Nasoma kutoka Oman, huku nashindana na Wahindi na Wafilipino wa kambini kwetu tu, hakuna medali. Ila la dedilifti nataka kuongeza.

Jumla ya gym na jumla ya jukwaani si kitu kimoja. Gym unapiga skwoti Jumatatu, benchi Jumatano, dedilifti Ijumaa, kila moja na mwili mpya. Siku ya mashindano vyote vinakuja siku moja, dedilifti inakuja mwisho, saa kadhaa baada ya skwoti, umeshakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka kiuno kimekakamaa. Mtu aliyezoea kupiga dedilifti akiwa freshi anashangaa 190 imekuwa 210.

Kifua, angalau mara moja kabla ya hiyo wiki ya kupunguza, fanya zote tatu siku moja kwa mpangilio wa mashindano, uzito wa majaribio ya kwanza tu. Usitafute rekodi siku hiyo. Unatafuta kujua dedilifti yako ikija mwisho inafananaje. Na dedilifti nzito ya mwisho iwe kama siku kumi mpaka wiki mbili kabla, inachelewa kutoka mwilini kuliko benchi. Benchi unaweza kuigusa nzito hata wiki moja kabla.

Kuhusu mshiko: chaki, na geuza mkono mmoja kiganja kitazame mbele. Au ufunike kidole gumba kwa vidole vingine. Inauma mwanzoni, gumba linawaka, halafu linazoea.

Kifua Wazi
Wakuu nimesoma yote mara mbili. Simba usinune, 560 haijafa, nimeihamishia mashindano mengine huko mbele.

Nimechukua karatasi ya mzee na kubadilisha kitu kimoja. Benchi nafungua na 95 badala ya 97.5, kwa sababu tangu nianze kutulia kifuani kuna siku 97.5 inanisumbua, na sitaki kuanza kwa hofu. Zilizobaki naacha kama zilivyo. Jamaa wa mizani ndiye atakayekaa mezani na karatasi, kaahidi kutoshangilia, ingawa simwamini.

Swali langu ni uzito. Madaraja ya wanaume ni 59, 66, 74, 83, 93, 105, 120 na kuendelea. Niko 84.5. Nishuke 83 au niingie 93?

Simba wa Tizi
Shuka. Kilo moja na nusu ni nini? Acha ugali wiki moja.

Bi Chuma
Kwa wiki kumi, kilo moja na nusu inashuka hata bila kujitesa, ukipunguza chapati za usiku. Hilo silikatai. Ninalokataa ni kufika siku moja kabla uko 84.2 halafu unaanza kuvaa masweta na kutema mate kwenye chupa. Skwoti ndiyo inakuja kwanza, na ndiyo inayoumia kwanza ukikauka.

Mzee Refa
Ingia 93. Ni mashindano ya kwanza, hakuna rekodi ya taifa unayoifukuzia. Ukifika siku hiyo uko 85 kwa sababu umekula vizuri, 93 inakupokea. Wiki kumi unazotaka kutumia kula kidogo ndizo wiki unazohitaji kula.

Kifua Wazi
Sawa mzee, 93. Na baada ya kupimwa nile nini? Na huko kwenye mizani naulizwa nini?

Mzee Refa
Upimaji hufunguliwa saa mbili kabla ya mashindano na huchukua saa moja na nusu. Ukiwahi mapema una muda wa kula. Kula unachokula siku zote: chai, mkate, ndizi mbivu, mayai kama tumbo lako linayakubali, maji yenye chumvi kidogo. Siku hiyo usijaribu chakula kigeni, hata ukipewa bure.

Wakishakupima watakuuliza majaribio yako matatu ya kwanza, kwa hiyo uwe umeyaandika. Pia watataka urefu wa stendi yako ya skwoti na ya benchi. Nenda ukaipime kwanza kwenye stendi yenyewe, maana kila stendi ina matundu yake, na namba ya gym yenu haitakusaidia. Ukikosea hapo, utanyanyua chuma kwa vidole vya miguu kabla hata ya kuanza skwoti.

Jaribio la kwanza unaweza kulibadilisha mara moja, mpaka dakika tatu kabla ya kuanza kama mko kundi la kwanza. Ukipasha moto na ukaona 152.5 ni nzito, tuma mtu wako mezani aishushe. Na ulete soksi ndefu za kufunika ugoko kwa ajili ya dedilifti, bila hizo hupandi.

Kifua Wazi
Soksi ndefu! Hizo sina. Kesho Kariakoo.

Nyali Nondo
Chukua za mpira wa miguu, ila zisifike kwenye soksi za magoti. Hizo mbili haziruhusiwi kugusana.